Somo: Kuwasha flashi kwa redio ukipiga maharusi machweo ufukweni Mwanza

Jumamosi jioni ukipita ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck utakuta wapigapicha wawili watatu na maharusi wao, wote wanangoja jua litue juu ya ziwa. Wengi hurudi na picha za aina mbili: anga limetoka vizuri lakini maharusi ni weusi tii, au nyuso zinaonekana na anga limekuwa jeupe kama karatasi. Flashi ya juu ya kamera inasaidia kidogo, ila inampiga mtu mwanga wa uso kwa uso: paji linang'aa, pua inapotea, na sura inakuwa bapa kama ya picha ya kitambulisho. Itoe pale juu, iweke pembeni, iwashe kwa redio.

Vifaa ni viwili, na kwa pamoja huitwa triga. Transmita inakaa juu ya kamera, pale flashi ilipokuwa ikikaa. Risiva ama imo ndani ya flashi yenyewe, ama ni kiboksi kinachochomekwa chini yake. Triga nyingi za sasa hutumia masafa ya 2.4 GHz, za bei poa za zamani, ambazo ndizo nilianza nazo, zilikuwa za 433 MHz. Hazisikilizani. Hata za masafa yaleyale, transmita ya Godox haiamrishi flashi ya Yongnuo, kwa hiyo kabla ya kununua hakikisha ni familia moja. Kuna flashi zenye jicho linalowaka likiona flashi nyingine ikiwaka. Kwenye jua kali jicho hilo linapofuka, na ukumbini flashi ya mgeni yeyote inakuwashia yako.

Hatua ya 1. Weka transmita na risiva kwenye chaneli moja na kundi moja, tuseme chaneli 7, kundi A. Bonyeza kitufe cha kujaribia. Ikiwaka, endelea. Mkiwa wapigapicha wawili sehemu moja, ulizaneni chaneli kabla ya kazi, la sivyo mwenzako atakumalizia betri bila kujua.

Hatua ya 2. Anga kwanza, watu baadaye. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zima transmita. Weka kamera kwenye M, yaani kila kitu unakipanga mwenyewe, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, spidi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/8. Piga anga tupu na utazame. Likiwa jeupe, funga tundu hadi f/11. Likiwa giza mno, fungua. Mimi hulitaka anga liwe na giza kidogo kuliko linavyoonekana kwa macho, maana hapo ndipo rangi ya chungwa inapokolea. Maharusi watatoka weusi. Waache hivyohivyo.

Hatua ya 3. Sasa washa transmita. Simamisha flashi upande mmoja, nyuzi 45 hivi kutoka ulipo wewe, juu kidogo ya vichwa vyao, umbali wa mita mbili. Anza na 1/8 ya nguvu yote ya flashi. Nyuso zikiwa hafifu, panda 1/4. Zikiungua, shuka 1/16. Ukisogeza stendi kutoka mita 2 hadi 4, mwanga unaowafikia unabaki robo, yaani ile 1/8 inabidi iwe 1/2. Ndiyo maana kabla ya kuongeza nguvu mimi husogeza stendi karibu: betri inadumu, na flashi inajichaji upesi.

Hatua ya 4. Fuata jua. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na jua letu halina mbwembwe: likigusa maji, una kama dakika ishirini za mwanga wa kazi. Anga linapofifia, usiguse flashi wala tundu. Punguza spidi ya shata tu: 1/200, 1/100, 1/60. Flashi huwaka kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo shata ikikaa wazi zaidi anga linaongezeka mwanga, nyuso zinabaki vilevile. Siku niliyolielewa hili nilirudia kazi ileile jioni tatu mfululizo, kwa furaha tu.

Mwanga wa flashi ni mweupe wa mchana, na machweo ni ya dhahabu. Kipande cha plastiki angavu ya rangi ya chungwa mbele ya flashi kinawapatanisha.

Na upepo jamani. Alasiri hutoka ziwani bila kubisha hodi, na mwavuli wa studio, ule wa kulainisha mwanga wa flashi, ni tanga. Flashi yangu ya kwanza iliondoka na stendi yake, ikazama mbele ya bibi harusi. Siku hizi nabeba fuko la sandarusi na kulining'iniza kwenye stendi likiwa na mawe. Mawe Mwanza hatununui.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Picha zangu zina utepe mweusi chini, triga imeharibika?*
Marahaba. Haijaharibika. Umepandisha spidi kupita ile ambayo shata inafunguka yote kwa mara moja, kwa kamera nyingi 1/200 au 1/250. Shata ina mapazia mawili, la kufungua na la kufunga; ukipita hapo, la pili limeshaanza kufunga flashi inapowaka. Rudi 1/200. Baadhi ya triga za bei rahisi zinachelewa kidogo, hizo ziweke 1/160.

*Kitufe cha kujaribia kinawasha, nikipiga picha haiwaki.*
Kama kamera haina kioo ndani, angalia kama umeiweka kwenye shata ya kimyakimya. Kamera nyingi hukataa flashi hapo. La pili: transmita haijasukumwa mpaka mwisho.

*Kaka, nikiificha flashi nyuma ya jiwe iwamulike kwa nyuma, mara inawaka mara haiwaki.*
Mawe yetu ni graniti, na mawimbi ya 2.4 GHz hayalipendi jiwe nene wala miili ya watu. Inua risiva ionekane juu ya jiwe, au wewe usogee hatua mbili upande. Angalia na betri: za AA zikichoka, redio huanza kukosa kabla taa haijazimika.

*Mjomba ameniachia flashi ya zamani sana. Naweza kuichomeka juu ya kamera?*
Usiichomeke, dada. Baadhi ya flashi za zamani hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kichomekeo, na kamera ya kisasa inaweza kuungua. Ipachike kwenye risiva, ila soma kwanza risiva hiyo inavumilia volti ngapi.

*Wateja wangu Musoma wanataka saa saba mchana, f/2.8, nyuma kufifie. Nifanyeje?*
Tumia flashi na triga zenye modi ya spidi ya juu, ile ya HSS, upige hata 1/2000. Flashi inapoteza nguvu nyingi humo, kwa hiyo ilete hadi mita moja na uondoe mwavuli. Au ivalishe lenzi kichujio cheusi cha ND, kile kinachopunguza mwanga unaoingia, ubaki 1/200. Kama hauna vyote viwili, waombe waje saa kumi na moja.