Somo: Kuzipa kampaundi majina. Anza na bondi, jina litafuata

Naliandika somo hili mara moja ili likae mahali pamoja. Kila mitihani inapokaribia napokea picha za madaftari kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha pili, na kutoka kwa wazazi wanaowasaidia usiku, na swali huwa lilelile: "Ticha, hii inaitwaje?" Nikijibu moja, kesho linakuja jingine la aina ileile, maana kupewa jina moja hakumfundishi mtu jina la pili. Nafundisha twisheni Temeke. Najua mtihani unafanyika kwa Kiingereza na majina utayaandika kwa Kiingereza. Hapa naeleza unavyofikiri mpaka ulifikie jina.

Jambo la kwanza kabisa: jina linategemea bondi. Atomu ya sodiamu ina elektroni moja kwenye ganda la nje, klorini ina saba. Sodiamu inatoa, klorini inapokea, na ayoni (atomu zenye chaji) mbili zenye chaji tofauti zinavutana. Hiyo ni bondi ya ayoni, na kwa kawaida ndiyo unayoikuta metali ikiungana na isiyo metali. Kaboni na oksijeni zikikutana, hakuna inayomwachia mwenzake elektroni, kwa hiyo zinachangia jozi za elektroni. Hiyo ni bondi ya kovalenti, na wazo la jozi hizo lilitolewa na Mmarekani G. N. Lewis mwaka 1916.

Tofauti hii si ya kukariri tu. Ndani ya punje ya chumvi hamna molekuli. Kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na ayoni sita za kloraidi, na hivyo hivyo upande wa pili, ndiyo maana chumvi ikipashwa moto haiyeyuki mpaka 801°C. Chaji zenyewe zinalazimisha uwiano uwe mmoja kwa mmoja, kwa hiyo jina halina haja ya kuhesabu kitu. Lakini naitrojeni na oksijeni, ambazo zote si metali, hutengeneza N₂O, NO, NO₂, N₂O₄ na N₂O₅. Usipohesabu ndani ya jina, anayekusikia hawezi kujua unasema ipi. Ukilielewa hili, hatua zote zilizobaki zinaeleweka zenyewe.

Hatua ya 1. Tazama elementi ya kwanza kwenye fomula. Ni metali au radikali (kundi la atomu lenye chaji) ya amoniamu (NH₄⁺)? Nenda hatua ya 2. Si metali? Rukia hatua ya 5. Ikianza na haidrojeni na imeyeyushwa kwenye maji, hatua ya 6.

Hatua ya 2. Metali yenye chaji ya aina moja tu: taja metali, kisha isiyo metali ukiimalizia na -aidi. NaCl ni sodiamu kloraidi, MgO magnesiamu oksaidi, CaCl₂ kalsiamu kloraidi. Usiseme "daikloraidi". Kundi la kwanza la jedwali la elementi lina 1+, kundi la pili 2+, aluminiamu 3+, zinki 2+, fedha 1+.

Hatua ya 3. Metali yenye chaji zaidi ya moja. Someni hapa taratibu, maana alama nyingi zinapotea hapa. Chuma huwa 2+ au 3+, shaba 1+ au 2+, risasi na bati 2+ au 4+. Jina lazima liseme ni ipi, kwa namba ya Kirumi ndani ya mabano, mabano yakishikana na jina la metali. Utaratibu huu ulipendekezwa na mwanakemia Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919. Namba hiyo ni chaji ya ayoni MOJA ya metali. Si idadi ya atomu za metali, wala si namba ndogo iliyoandikwa chini ya jirani yake. Wanafunzi wengi wakiona Fe₂O₃ wanaandika chuma(II) oksaidi, kwa sababu wameona 2 chini ya Fe. Hesabu huanzia upande wa isiyo metali, kwa kuwa chaji yake tunaijua. Oksijeni ni 2−, ziko tatu, jumla 6−. Chuma mbili zinapaswa kuleta 6+, kila moja 3+. Jina ni chuma(III) oksaidi.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu mwanzoni unakupa jibu sahihi. Kwenye FeCl₂ na FeCl₃, namba iliyo chini ya klorini inalingana na namba ya Kirumi. Inalingana kwa sababu klorini ni 1−, basi. Mwanafunzi anajitungia kanuni hapo, halafu akikutana na PbO₂ anaandika risasi(II) oksaidi. Hesabu: oksijeni mbili ni 4−, risasi ni moja, kwa hiyo risasi(IV) oksaidi. CuO anaiita shaba(I), kumbe ni shaba(II). Cu₂O ndiyo shaba(I). Fanya hesabu kila mara, hata ile unayodhani unaijua. Na usimpachike sodiamu wala kalsiamu namba ya Kirumi. Chaji yao ni ya aina moja tu, na "kalsiamu(II)" inamwonyesha msahihishaji kwamba hujui kwa nini namba hiyo huwekwa.

Hatua ya 4. Radikali. Hizi kariri, hakuna njia ya mkato: amoniamu NH₄⁺, haidroksaidi OH⁻, naitreti NO₃⁻, naitraiti NO₂⁻, salfeti SO₄²⁻, salfaiti SO₃²⁻, kaboneti CO₃²⁻, haidrojeni kaboneti HCO₃⁻, fosfeti PO₄³⁻. Kwenye naitrojeni na salfa, -aiti ina oksijeni moja pungufu ya -eti, na chaji haibadiliki. Radikali ikiwa zaidi ya moja, weka mabano: Ca(OH)₂, kamwe si CaOH₂. Kisha angalia SO₃ isiyo na chaji. Hiyo ni salfa traioksaidi, kampaundi kamili inayojitegemea. SO₃²⁻ ni salfaiti, na haikai bila ayoni chanya pembeni.

Hatua ya 5. Zisizo metali mbili: hesabu kwa mono, dai, trai, tetra, penta, heksa. PCl₅ ni fosforasi pentakloraidi, SF₆ salfa heksafloraidi, N₂O₄ dainaitrojeni tetroksaidi. Mono haiwekwi kwa elementi ya kwanza.

Hatua ya 6. HCl ikiwa gesi ni haidrojeni kloraidi, ikiwa ndani ya maji ni asidi ya haidrokloriki. H₂SO₄ ni salfyuriki, HNO₃ ni naitriki.

MASWALI

Dogo wa Mbagala: Ticha nisaidie haraka kesho nakusanya. 1. K₂O 2. FeO 3. CuCl 4. SnO₂ 5. Al₂(SO₄)₃ 6. CO. Naomba majina tu.

Ticha: Hapana. Zote zimo kwenye hatua hapo juu. Andika ulichopata wewe, nitasahihisha usiku huuhuu.

Binti Tandika: Shikamoo mwalimu. Mbona CO₂ haiitwi monokaboni daioksaidi?

Ticha: Marahaba. Hatua ya 5, sentensi ya mwisho.

Mdadisi wa Kimara: Mwalimu, tumefundishwa kurahisisha. Mg₂O₂ tunaandika MgO. Sasa kwa nini H₂O₂ haiwi HO? Halafu nimeona mahali Na₂O₂, nayo haikurahisishwa ingawa sodiamu ni metali.

Ticha: Swali zuri sana hili, mdogo wangu. Tunarahisisha kampaundi za ayoni kwa sababu fomula yake ni uwiano tu. Kwenye magnesiamu oksaidi huwezi kunyooshea kidole "molekuli" na kuhesabu. H₂O₂ ni kovalenti, na molekuli yake ina atomu nne kweli: oksijeni mbili zimeshikana, kila moja na haidrojeni yake. Ukirahisisha umeandika kitu kingine. Na₂O₂ ni ya ayoni, lakini ayoni yake hasi si O²⁻. Ni oksijeni mbili zilizofungwa pamoja kwa bondi ya kovalenti, O₂²⁻, nayo huitwa peroksaidi. Ile 2 iko ndani ya ayoni, kwa hiyo haiguswi. Sodiamu inabaki 1+ kama kawaida. Jina ni sodiamu peroksaidi. Na umeona jambo jingine hapo: kampaundi moja inaweza kubeba bondi za aina mbili. Hata (NH₄)₂SO₄, ile mbolea ya SA, ndani ya kila radikali ni kovalenti, na kati ya radikali ni ayoni.

Dogo wa Mbagala: 1 potasiamu oksaidi. 2 chuma(I) oksaidi. 3 shaba(I) kloraidi. 4 bati(II) oksaidi. 5 dialuminiamu trisalfeti. 6 kaboni monoksaidi.

Ticha: 1, 3 na 6 ni sahihi. Ya 2 na ya 4 ni mitego ileile ya hatua ya 3: oksijeni ni 2−, hesabu tena. Ya 5 hakuna kuhesabu, aluminiamu ni metali.

Dogo wa Mbagala: Chuma(II) oksaidi, bati(IV) oksaidi, aluminiamu salfeti.

Ticha: Sasa umefanya kazi. Zote sahihi.

Mhitimu wa Ubungo: Unapotosha watoto. AlCl₃ inajulikana ni kovalenti, na wewe umesema metali ikiungana na isiyo metali ni ayoni.

Ticha: Sijampotosha mtu. Hatua ya 1 inakuelekeza kwenye jina, na jina la AlCl₃ ni aluminiamu kloraidi kwa kanuni ya hatua ya 2, iwe bondi yake ina tabia gani. Kuhusu bondi yenyewe uko sawa, na nakushukuru kwa kuileta. AlCl₃ ikipashwa moto hugeuka mvuke moja kwa moja kwenye 180°C hivi, na kwenye mvuke huo kuna molekuli za Al₂Cl₆. Ayoni ya Al³⁺ ni ndogo na chaji yake ni kubwa, kwa hiyo inavuta elektroni za kloraidi mpaka inakuwa kama zinachangiwa. Floraidi haivutiki hivyo kwa urahisi. AlF₃ inavumilia zaidi ya 1,200°C. Ukitumia vipimo vya Pauling vya nguvu ya atomu kuvuta elektroni, tofauti kati ya aluminiamu na klorini ni 1.55, na floraini ni 2.37. Ayoni na kovalenti hazina ukuta katikati, zinaingiliana polepole. Kwa kidato cha pili, metali na isiyo metali inatosha kuanzia.

Mama Wawili wa Mwananyamala: Mwalimu, vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki viliandikwa "ferasi salfeti". Mwanangu anasema hilo jina halipo kwenye daftari lake. Nani yuko sahihi?

Ticha: Wote wawili, mama. Hilo ni jina la zamani ambalo bado linatumika sana kwenye dawa. Chaji ndogo ilimaliziwa na -asi, chaji kubwa na -iki. Ferasi ni chuma(II), feriki ni chuma(III). Dawa yako ni FeSO₄, chuma(II) salfeti. Mwambie ajaribu kupimia: salfeti ni 2−, iko moja, chuma ni moja, kwa hiyo 2+. Ubaya wa majina yale ni kwamba -asi na -iki hazikuambii namba. Kuprasi, ya shaba, ni 1+ na ferasi ni 2+, ingawa zote zinaishia sawa.

Mkulima Chanika: Mrututu tunaouziwa duka la pembejeo una jina gani huku kwenu?

Ticha: Shaba(II) salfeti pentahaidreti, CuSO₄·5H₂O. Salfeti moja 2−, kwa hiyo shaba 2+. "Penta" inahesabu molekuli tano za maji zilizokaa ndani ya fuwele, na chaji haziwezi kukuambia idadi hiyo, kwa hiyo kuhesabu ni halali. Zile fuwele za buluu ukizipasha moto maji yanatoka na unabaki unga mweupe. Ukiudondoshea maji unarudi buluu. Ukichanganywa na chokaa ndiyo dawa ya siku nyingi ya ukungu kwenye kahawa na zabibu. Vaa glavu unapopima, na mabaki usimwage mtoni, yanaua samaki.

Binti Tandika: Na jiki je? Shangazi huichanganya na asidi ya choo ili doa litoke haraka.

Ticha: Mwambie aache leo. Jiki ina sodiamu haipokloraiti, NaClO. Ikikutana na asidi ya haidrokloriki inatoa gesi ya klorini, Cl₂, nayo inaunguza mapafu. Choo cha ndani kisicho na dirisha ndiyo hatari zaidi. Kimoja kwa wakati, na maji mengi kabla ya kutumia kingine. Ikitokea vimeshachanganyika, mtu atoke nje kwanza, asibaki anasafisha.

Mdadisi wa Kimara: Nimepitia tena hatua ya 3. Fe₃O₄ nimepata chuma ni 8/3+. Nimekosea wapi?

Ticha: Hujakosea hesabu. Hiyo ni wastani. Ndani yake kuna Fe²⁺ moja na Fe³⁺ mbili: 2 + 3 + 3 = 8, na oksijeni nne ni 8−. Jina lake ni chuma(II,III) oksaidi, na sumaku huishika.

Mama Wawili wa Mwananyamala: Na chumvi yenye madini joto? Mwanangu ameandika ni KI.

Ticha: Hapa kwetu kinachowekwa ni potasiamu iodeti, KIO₃. KI ni potasiamu iodaidi, haina oksijeni. Iodeti inadumu zaidi kwenye joto na unyevu, ndiyo maana inapendelewa. Mwulize: kama potasiamu ni 1+, chaji ya IO₃ ni ngapi, na Ca(IO₃)₂ inaitwaje?

Mama Wawili wa Mwananyamala: Anasema 1−, na kalsiamu iodeti. Alitaka kuweka "dai" akaifuta.

Ticha: Sahihi zote. Mpe sasa Fe(IO₃)₃.