Kabla ya kununua kompyuta mpakato ya Linux, uliza grafiki kwanza

Ukiwa na nia ya kununua kompyuta mpakato ili uweke Linux au FreeBSD, mfumo mwingine huria, swali la kwanza kwa muuzaji liwe la chipu ya grafiki. Diski utabadilisha, RAM kwenye mashine nyingi utaongeza, hata kadi ya Wi-Fi mara nyingi hushikwa na skrubu moja tu. Chipu ya grafiki imo ndani ya prosesa au imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ukikosea hapo unabaki nayo hadi siku utakapoiuza mashine. Tena ndiyo habari inayotajwa kwa nadra dukani. Utaambiwa “Core i7, RAM 16, SSD 512”, halafu bei.

Msimamo wangu ni huu: kama kazi zako ni kuandika, kuprogramu, intaneti, video na kuhariri picha kidogo, tafuta mashine yenye grafiki moja tu, ya Intel au ya AMD, ile iliyomo ndani ya prosesa. Kadi ya pili ya NVIDIA ichukue pale tu unapoijua kazi utakayoipa: michoro ya 3D kwa Blender, hesabu nzito za CUDA, michezo mizito. Usiichukue kwa sababu bei imekaribiana.

Sababu ni mahali draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, inapokaa. Draiva ya Intel, i915, na ya AMD, amdgpu, iliyoingia mwaka 2015 na toleo la 4.2, zimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux chenyewe. Sehemu ya juu inayoshughulikia OpenGL na Vulkan imo kwenye mkusanyiko uitwao Mesa, na distro zote kubwa (Ubuntu, Fedora, Debian na wenzake) huja nao. Huna cha kutafuta mtandaoni. Kerneli ikisasishwa, draiva imesasishwa pamoja nayo. Kinachobaki ni fimwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, hasa kwa AMD: amdgpu bila faili zake za fimwea haifanyi kazi. Diski rasmi za kusakinishia Debian hazikuwa na faili hizo hadi toleo la 12 la mwaka 2023. Kwa hiyo ukiona maelezo ya zamani ya kutafuta fimwea pembeni na kuiweka kwenye flashi, fahamu kwamba yameshapitwa na wakati.

Draiva rasmi ya NVIDIA inatoka nje ya kerneli. Kila kerneli mpya inapoingia, moduli yake, yaani kipande cha draiva kinachoingia ndani ya kerneli, lazima ipatikane kwa kerneli hiyo hiyo. Kwenye distro nyingi huundwa upya palepale na zana iitwayo DKMS. Uundaji ukikwama, unawasha mashine asubuhi na kukuta skrini nyeusi. Mei 2022 kampuni hiyo ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli kwa chipu za kuanzia kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda juu, na mambo yamekuwa mepesi tangu hapo. Ukinunua mashine yenye RTX ya karibuni, Ubuntu au Fedora itakwenda vizuri ukifuata maelekezo yao.

Kazi iko kwenye mashine za mtumba, na ndizo wengi wetu tunazonunua: ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizomaliza muda wake maofisini Ulaya na Marekani. Kila kizazi cha chipu za NVIDIA kina tawi lake la mwisho la draiva, yaani mfululizo wa matoleo unaoitwa kwa namba. Fermi iliishia tawi la 390, ambalo matunzo yake yalikoma mwaka 2022. Kepler iliishia 470, nalo likafungwa mwaka 2024. Maxwell na Pascal mwisho wao ni 580. Tawi likishafungwa, kerneli inaendelea kubadilika na draiva inabaki pale pale, mpaka siku moja haviendani tena. Unaweza kurudi kwa Nouveau, draiva huria, ila kuanzia GTX 900 hadi familia ya GTX 10 chipu hukataa fimwea isiyo na saini ya kampuni, hivyo Nouveau haiwezi kuipandisha chipu kufikia kasi yake. Kadi uliyoilipia zaidi inaishia kwenda polepole kuliko grafiki ya Intel iliyo kando yake.

Chukua ThinkPad W530 ya mwaka 2012. Kwa macho ni mashine ya kuvutia: prosesa yenye nguvu, nafasi nne za RAM kwenye modeli nyingi, kibodi imara, bei nafuu. Ndani ina grafiki mbili, Intel HD 4000 na Quadro K1000M au K2000M, ambazo ni Kepler. Mtu atasema, “Si naizima NVIDIA kwenye BIOS, natumia Intel?” Anaweza. Lakini milango ya skrini ya nje kwenye modeli hiyo, VGA na mini DisplayPort, imeunganishwa na chipu ya NVIDIA. Ukiizima, hakuna projekta. Ukiiwasha, una draiva iliyofungwa mwaka 2024. Mwalimu anayefundisha kwa projekta asiinunue, hata ikiwa rahisi namna gani.

Jina la modeli peke yake halitoshi. ThinkPad T480 ilitoka ikiwa na Intel UHD 620 tu, na nyingine ikiwa na NVIDIA MX150 juu yake. Kwa nje ni pacha. Kwa hiyo usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na flashi yenye Ubuntu, Mint au Fedora ya kujaribia, omba uwashe mashine kwa flashi hiyo, fungua terminali na uandike:

lspci -nnk | grep -A3 -E 'VGA|3D|Display'

Angalia namba zilizo kwenye mabano ya mraba. 8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni NVIDIA. Ukiona mstari mmoja tu wa “VGA compatible controller”, mashine ina grafiki moja. Ukiona na wa pili ulioandikwa “3D controller”, kuna kadi ya ziada, na mara nyingi maandishi hayo yanamaanisha kwamba milango ya skrini haijapitia kwenye kadi hiyo, jambo ambalo ni nafuu kwako. Chini ya kila kifaa tafuta “Kernel driver in use”. Pakiwa na i915, xe (draiva mpya ya Intel) au amdgpu, umeanza vizuri. Mstari huo usipoonekana kabisa, kerneli ya flashi yako haijaitambua chipu.

Hilo la mwisho hutokea sana kwa mashine mpya mno. Grafiki za Intel Core Ultra za kwanza, zilizotoka Desemba 2023, zilianza kuwashwa bila mipangilio ya ziada kwenye kerneli 6.7. Debian 12 ina 6.1. Ukiiweka humo, skrini itawaka na utadhani mambo ni shwari, kumbe picha zote zinachorwa na prosesa. Dalili zake ni feni kulalamika unapocheza video na mwanga wa skrini kutopungua ukibonyeza vitufe vyake. Kwenye mipangilio ya GNOME, ukurasa wa taarifa za mfumo utaonyesha “llvmpipe” badala ya jina la chipu. Mashine haina kosa. Inahitaji kerneli mpya, mfano Debian 13 yenye 6.12. Kanuni yangu ni kulinganisha tarehe mbili kabla ya kulipa: prosesa ilitoka lini, na kerneli ya distro ninayoitaka ilitoka lini. Kerneli iwe na umri mdogo kuliko prosesa.

Kwa FreeBSD kanuni hiyo inabana zaidi. Draiva zake za Intel na AMD zinaletwa kutoka Linux kupitia vifurushi vya drm-kmod, na hufika kwa kuchelewa. Kifurushi cha drm-61-kmod kwa FreeBSD 14, kwa mfano, kinafuata Linux 6.1. Hapo mashine ya miaka minne au mitano ni chaguo bora kuliko mpya. Usisahau kujiweka kwenye kundi la watumiaji liitwalo video na kuandika i915kms au amdgpu kwenye kld_list, orodha ya moduli zinazopakiwa mashine inapowaka.

Kuhusu Secure Boot, kinga inayokagua saini za programu mashine inapowaka, wenye Intel na AMD wasihangaike. Mwenye NVIDIA kwenye Ubuntu huenda akaombwa nenosiri wakati wa kuweka draiva, kisha akakutana na skrini ya buluu mara ya kwanza anapowasha upya. Achague “Enroll MOK” na aandike nenosiri lile lile. Wengi huipita skrini hiyo kwa haraka, halafu hushangaa draiva haipakiwi.

Ukiwa bado dukani na flashi yako, fanya majaribio manne kabla ya kutoa hela. Punguza mwanga wa skrini kwa vitufe. Funga kifuniko, subiri dakika moja, fungua: skrini irudi, na kipanya kisogee. Chomeka HDMI kwenye televisheni ya duka, kwa sababu hapo ndipo grafiki mbili hugombana. Mwisho cheza video ya 1080p kwa dakika chache ukiwa umeweka kiganja chini ya mashine. Kama flashi yako ni ya Fedora, joto katika jaribio hili lisikutishe mara moja: tangu mwaka 2022 Fedora imeondoa H.264 na HEVC, miundo miwili ya kubana video, kwenye Mesa yake kwa sababu za hataza, na ukishasakinisha kwenye mashine ya AMD utavirudisha kwa mesa-va-drivers-freeworld kutoka hifadhi ya programu ya RPM Fusion. Likitokea ukiwa na Mint au Ubuntu, rudi kwenye ile lspci usome tena mstari wa draiva.