Kabla hujakutanisha faji lambda na plasmidi

Faji lambda, kirusi kinachoshambulia bakteria E. coli, ikiingia kwenye bakteria aliyebeba plasmidi (duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu) yenye kipande cha DNA kinachofanana na chake, vipande hivyo huweza kukatana na kuungana. Mkato ukitokea mara moja tu, plasmidi nzima humezwa na DNA ya faji, na faji huweza kuihamishia kwenye bakteria mwingine; hilo ndilo jaribio lenyewe. Ila kichwa cha faji hakibebi DNA yoyote ile bila kikomo, kwa hiyo anza na hesabu, chupa ziache kabatini kwanza.

Lambda ya asili ina jozi besi (kipimo cha urefu wa DNA) 48,502, na kichwa chake hupakia takriban asilimia 78 hadi 105 ya urefu huo. Plasmidi pBR322, inayotumika sana maabarani, ina jozi besi 4,361. Jumla ni 52,863, yaani asilimia 109. Haiingii! Tafuta lambda iliyopunguzwa sehemu zisizo za lazima, la sivyo utahangaika bure.

Halafu bakteria. DH5α, aina ya E. coli iliyojaa kwenye friza za maabara nyingi, haina RecA inayofanya kazi, na RecA ndiyo protini iliyo fundi mkuu wa kuunganisha DNA zinazofanana. DH5α inafaa kwa ulinganisho, ila haifai kwa jaribio lenyewe. Hata ulinganisho huo usiuamini kupita kiasi: lambda ina mfumo wake, Red, unaoweza kufanya sehemu ya kazi hiyo bila RecA. Wakuze bakteria kwa maltosi badala ya glukosi, maana maltosi huongeza LamB, mlango wa lambda, na weka magnesiamu.

Pa kuogopa zaidi ni wakati wa kuvuna faji. Bakteria mmoja aliyenusurika, na plasmidi yake tumboni, ataota kwenye sahani ya ampisilini (dawa inayozuia bakteria wasio na jeni ya ukinzani iliyo kwenye plasmidi) na utashangilia ukidhani faji ndiyo imehamisha jeni. Tia kloroformu, lambda haidhuriki nayo. Kisha mwaga mavuno peke yake, bila bakteria wapya, kwenye sahani ya ampisilini. Kikiota chochote, simama hapo. Andaa pia plasmidi ileile isiyo na kipande kinachofanana, maana bila hiyo koloni zako hazithibitishi chochote. Bakteria wa kupokea wawe tayari na kinga dhidi ya lambda, wasife kabla hujawahesabu.

Mwisho, kama mnachangia maabara, tenga pipeti, tumia ncha zenye kichujio, na loweka taka kwenye jiki. Faji ikisambaa, wa kwanza kulalamika ni jirani ambaye chupa zake za bakteria zimegeuka maji.