Umepuliza, namba imesoma: kutoka barabarani hadi kwa hakimu, Uganda

Somo hili la kupimwa pombe barabarani nimeliandika kwa madereva wa trela wanaoingia Uganda kwa Malaba, Busia au Mutukula, ila mwenye gari dogo na mwenye bodaboda nao wasome. Niliendesha lori miaka kumi na minne kabla sijahamia meza ya makaratasi hapa Malaba. Asubuhi moja nilisimamishwa karibu na Naluwerere, kwenye barabara ya Malaba kwenda Kampala, saa kumi na mbili na nusu. Usiku wake nilikuwa nimekunywa, nikalala kwa muda wa saa sita hivi, nikaamka, nikaoga, nikanywa chai na chapati mbili. Trafiki alichana karatasi ya mrija mpya, akauchomeka kwenye kifaa cha kupimia pombe, akaniambia nipulize mpaka aniambie niache. Nilipuliza nikitabasamu. Kifaa kikalia, afande akanigeuzia kioo nijionee mwenyewe. Haikuwa sifuri.

Nilidhani pombe huisha mtu akilala. Basi tuanzie hapo.

Kwanza, kikomo chako ni kipi?

Sheria kuu ni ile ya usafiri na usalama barabarani ya mwaka 1998, iliyorekebishwa 2020, na kanuni za kiwango cha pombe ni za 2004. Mwenye gari lake binafsi hatakiwi kuzidi miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Sisi wa magari ya biashara hatuna hiyo nafasi: kikomo chetu ni sifuri.

Sasa piga hesabu. Mwili hutoa pombe kwa kasi yake, takriban miligramu 15 kwa saa katika kipimo hichohicho, na hauharakishwi. Tuseme saa sita usiku umeacha kunywa ukiwa na 120. Mwenye gari dogo atashuka chini ya 80 kabla ya saa tisa. Wewe wa trela utafika sifuri saa mbili asubuhi, na wakati huo wenzako wameshapita Iganga. Kuoga hakukupunguzii chochote, wala kahawa, wala supu ya mbuzi.

Hatua ya 1: unaposimamishwa

Msako huu Waganda wanauita Kawunyemu, neno la Kiganda linalotokana na kunusa. Hufanyika zaidi usiku na mwisho wa wiki, lakini kama ulivyoona kwangu, asubuhi pia hupulizishwa watu. Zima injini, weka breki ya mkono, toa pamiti yako, yaani leseni. Hakikisha mrija ni mpya na umefunguliwa mbele yako. Una haki ya kulitaka hilo bila ugomvi.

Usikatae kupuliza. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, na mbele ya hakimu utaonekana mtu aliyejua anachoficha. Kama umetoka kunywa dakika hiyohiyo, au umesukutua kwa dawa yenye pombe, sema kwa sauti ya kawaida na uombe kusubiri dakika kumi na tano, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba.

Soma namba mwenyewe. Iandike, andika na saa, mahali, na namba ya afande iliyo kwenye sare yake. Mimi niliandika nyuma ya risiti ya dizeli.

Hatua ya 2: usifungue mahakama barabarani

Hapa ndipo wenzetu wengi wanapoharibu. Dereva anamvuta afande pembeni, anaanza "tusaidiane mkubwa", mkono uko mfukoni. Chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya 2009, kutoa ni kosa sawa na kupokea. Ulikuwa na kosa moja la trafiki, sasa unaweza kufikishwa mahakamani kwa makosa mawili, na hilo la pili ni zito kuliko la kwanza. Nyamaza. Jina, pamiti na karatasi za gari vinatosha. Swali la "umekunywa ngapi?" huna lazima ya kulijibu.

Hatua ya 3: kituoni

Katiba ya Uganda, ibara ya 23, inataka uambiwe kwa lugha unayoielewa kwa nini umekamatwa, na kwamba una haki ya wakili. Kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, sema: nataka Kiswahili. Vituo vya kando ya barabara hii havikosi askari anayekijua. Ibara hiyohiyo inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa.

Ukiandikiwa maelezo, omba usomewe kabla ya kusaini. Kwangu aliyeandika alikuwa ameweka kwamba nilikuwa "nimelewa sana", wakati sikuwa nimesema hivyo wala kifaa hakikusema hivyo. Niliomba afute, akafuta, nikasaini pembeni ya alipofuta.

Halafu kuna bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa ahadi ya kurudi. Bondi ni bure. Wanachotaka ni wadhamini wenye vitambulisho, na mara nyingi barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kwa mgeni hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu hana LC1. Mpigie ajenti wako wa forodha au wakala wa kampuni aliye Uganda aje yeye. Mtu akikuambia bondi ina bei, omba risiti, uone kama bei haitapotea yenyewe.

Hatua ya 4: kwa hakimu

Mwendo kasi unaweza kuishia kwenye karatasi ya faini ya papo kwa papo. Hili la pombe polisi hupeleka mahakamani. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, lakini ibara ya 28 inakupa mkalimani bila malipo. Simama useme unamtaka kabla shtaka halijasomwa.

Utaulizwa: kweli au si kweli? Ukikiri, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio, nawe utaulizwa kama ni sahihi. Sikiliza sana hapo. Ukiona wameongeza gari ulilogonga ambalo hukuligonga, sema, na hakimu hatakiwi kukutia hatiani kwa ulichokikataa. Baada ya hapo unaomba kupunguziwa: ni kosa la kwanza, hakuna aliyeumia, una watoto. Sema kifupi. Hotuba ndefu humchosha hakimu mwenye mafaili hamsini.

Adhabu ni faini, au jela, au vyote viwili, na hakimu anaweza pia kukufungia kuendesha kwa muda. Sheria haitaji faini kwa shilingi moja kwa moja. Inahesabu kwa kipimo chake, na kila kipimo kimoja ni shilingi 20,000 za Uganda. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka miwili, hakimu anaweza badala yake kukupa kazi za kijamii, chini ya sheria ya mwaka 2000. Kama kuna mtu ameumia au kufa, sahau niliyoandika hapa. Hilo ni shtaka jingine, la uendeshaji wa hatari, na usiingie mahakamani bila wakili.

Fedha za faini na za dhamana ya mahakama hulipwa benki kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Hazilipwi mkononi mwa karani. Kama ni dhamana ya fedha, tunza risiti halisi, maana bila hiyo kurudishiwa kesi ikiisha ni safari ya miezi. Hukumu usipoiridhia, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14.

Maswali niliyoulizwa

*Utingo, Tororo:* Bosi, dereva wangu akilewa anaegesha na kulala kwenye kebini. Hapo pia ni kosa?

Inaweza kuwa. Sheria haimgusi anayeendesha peke yake, inamgusa pia aliye na gari mikononi mwake akiwa amelewa barabarani. Gari liingie yadi, na funguo ukae nazo wewe. Akiamka saa tisa usiku akidai "twende", mwambie umepoteza funguo.

*Dereva wa Mutukula:* Wanasema ukitafuna pipi kali au kitunguu kifaa hakisomi.

Kifaa hakinusi harufu ya mdomo, kinapima hewa ya mapafuni, na huko pombe inatoka kwenye damu. Kitunguu kitamtesa afande tu.

*Mama Boda, Busia:* Kijana wangu ana bodaboda. Anasema pikipiki haihesabiwi.

Inahesabiwa, mama. Pikipiki ni chombo cha moto kama trela langu, na akibeba abiria anafanya biashara, asitegemee zile 80. Mwambie pia kwamba akigonga mtu amelewa, bima itatafuta kila mlango wa kutokea. Bima nyingi kubwa za gari zina kifungu kinachomtenga dereva mlevi, na mwenye chombo hubaki na deni.

*Dereva mpya:* Nikiwekwa ndani, mzigo wa transiti unakuwaje?

Swali zuri kuliko yote, na hakuna aliyeniuliza mapema. Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, una muhuri wa kielektroniki ambao forodha wanauona wakiwa ofisini. Lori likikaa mahali lisipotarajiwa, wao wanaona tahadhari, hawaoni kwamba uko selo. Kwa hiyo simu ya kwanza ipigwe kwa ajenti, aitaarifu URA lori liko wapi na kwa nini, na ya pili kwa mwenye gari alete dereva mwingine aliye mkavu. Muhuri usiguswe na mtu yeyote, hata akisema anataka kuhakikisha tu. Mimi nilimpigia mke wangu kwanza. Ajenti alipopata habari ilikuwa saa nane mchana, na maelezo ya zile saa nane zilizopotea niliyaandika mara tatu, kwa kalamu ya kuazima.