Umekuta mtini una tini tamu ajabu na hujui ni aina gani? Usikimbilie kuupa jina

Mwaka juzi mwezi wa pili nilikuwa Lushoto kwa shughuli za parachichi, jua limewaka, nikapitishwa kwa bibi mmoja kupumzika, nyuma ya jiko lake pana mtini mkubwa umeegemea ukuta. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, chuma ule, ndege wenyewe wameshashiba." Sasa mi tini nimekula sana na nyingi za uani ni maji yenye sukari kidogo, kwa hiyo nilichuma kwa adabu tu. Tunda lenyewe limeinama kama limechoka, shingo laini, ganda la kijani limechanikachanika vimistari vyeupe, na kwenye lile tundu la chini tunaloita jicho kuna tone linang'aa kama asali. Nikapasua kwa kidole, ndani nyekundu kama jamu ya stroberi. Nilikula saba nimesimama.

Basi hapo ndo watu wengi wanapoharibu. Anakata matawi, anayapa jina la kuvutia, mwezi wa tatu anauza miche ya "aina mpya". Ndugu yangu, uwezekano wa hiyo kuwa aina mpya ni mdogo sana na nitakwambia kwa nini.

Zile mbegu ndogo zinazosagika menoni ukila tini, kwa kawaida hazioti kama maua madogo yaliyojificha ndani ya tunda hayakupata chavua, na chavua ya mtini huletwa na nyigu mmoja mdogo sana, Blastophaga psenes, ambaye kwao ni huko Mediterania na Mashariki ya Kati. Mikuyu yetu ya porini ina nyigu wake wengine, usichanganye. Pale ambapo nyigu wa mtini hayupo hakuna mche unaojiotea, yaani huo mti wa uani ni tawi lililotoka kwenye tawi lililotoka kwenye tawi, na kila mara kuna mkono wa mtu ulilibeba. Kwa hiyo kazi ya kwanza wala siyo kuchungulia majani, ni kukaa kitako na kuuliza nani alileta. Bibi akasema marehemu mumewe alikuwa fundi Tanga mjini, akapewa fimbo na mwarabu mmoja aliyekuwa anamjengea, na watu wa nyumba ile walikuwa na ndugu Oman. Oman kule Jabal Akhdar mitini ipo kwenye matuta pamoja na makomamanga. Haithibitishi kitu, ila nina pa kuanzia, na bila kuuliza ningeanza kupekua picha za dunia nzima.

Jambo la pili, rudi. Tunda moja la kiangazi siyo ushahidi. Mi nilirudi mwezi wa nne mvua zimekolea, tini zilezile za mti uleule zimepoa, nyingine zimepasuka na kuchachuka mtini, nikajiuliza kama ndo zile nilizosifia. Mvua inafanya hivyo kwa mtini wowote. Na onja iliyoiva kweli, maana tini ukishaichuma mbichi haiendelei kuwa tamu kama embe, inanyauka tu, kwa hiyo ukisikia mtu anasema tini za fulani hazina ladha muulize kwanza alichuma siku gani. Ukiwa na refraktometa, kile kifaa cha kupima sukari ya tunda, pima, andika namba na tarehe, ukiwa huna onja na wenzako wawili watatu bila kuwaambia ipi ni ipi.

Kwenye kuandika, jani moja halitoshi kwa sababu mtini mmoja unaweza kuwa na majani yasiyogawanyika kabisa na mengine yenye vidole vitano, hasa maotea ya chini yanadanganya sana. Chukua majani kama kumi ya matawi yaliyozaa, yalaze kwenye gazeti, piga picha na rula pembeni. Tunda lipige likiwa zima kwa ubavu, lipige jicho, halafu lipasue katikati upige tena: urefu wa shingo, jicho limefunga au limeachama (lililoachama linaingiza wadudu na maji), rangi ya ganda na ya nyama. Hizo ndo zinasaidia kuliko maneno "tamu sana".

Rangi ya nyama ina mtego wake, na huu unawapoteza hata wazoefu. Aina ileile ikipata chavua kule California au Uturuki nyama inakuwa nyekundu zaidi na ladha inakolea, huku bila nyigu inatoka iliyofifia. Ukilinganisha tunda lako na picha ya huko utasema siyo yenyewe kumbe ni yenyewe. Majina nayo ni vurugu tupu: Kadota ya Wamarekani ndo Dottato ya Waitaliano, wakati Brown Turkey ya Uingereza na ile ya California ni miti miwili tofauti yenye jina moja. Mwaka 1955 Ira Condit, mtaalamu wa tini wa California, alichapisha orodha ya aina za tini zaidi ya 700 na majina rundo yanayojirudia, sasa wewe ukiongeza lako bila kujua unazidisha fujo.

Kitu kimoja kitakupunguzia kazi: je, mti unakomaza matunda au unayadondosha yakiwa saizi ya gololi? Wakulima wa California miaka ya 1880 waliagiza mitini ya Smyrna, ndo Izmir ya leo, ikastawi vizuri na kudondosha matunda yote, wakadhani wamepunjwa na wauzaji, kumbe mitini ile haikomazi bila yule nyigu, na mpaka 1899 ndo wakafanikiwa kumzoesha kule. Mtini wa bibi unakomaza bila nyigu, kwa hiyo kundi lote la Smyrna nimelifuta kwenye orodha.

Wakati unatafuta jina, zalisha kwanza, maana mti wa uani unakatwa wakati wowote mtu akitaka kujenga choo. Omba mwenyewe, na umrudishie miche miwili. Chukua tawi lililokomaa lenye ganda la kahawia, unene wa penseli mpaka kidole gumba, sentimita 20 hivi lenye macho matatu au manne (hapa macho ni vile vifundo vinavyochipua), kata chini tu ya jicho. Ule utomvu mweupe ukikupata kwenye ngozi kisha ukakaa juani unakuunguza mpaka malengelenge, vaa glavu au osha haraka. Subiri utomvu ukauke, zika macho mawili kwenye kiriba chenye mchanga mwingi na mboji kidogo, samadi mbichi acha, weka kivulini, maji kidogo. Na majani yakichomoza wiki ya tatu usishangilie, tawi linakula akiba yake, mizizi bado, ukilihamisha hapo umeliua. Mi nilipanda 12, yakachipua 11, yaliyoshika mizizi 8.

Ukishapata miche ipande pembeni ya Brown Turkey au mtini mwingine unaoufahamu, udongo mmoja, maji mamoja. Pengine utamu wa kwa bibi ni majivu ya jikoni na ukuta wenye joto, hapo ndo utajua.

Angalia pia batobato, yale mabaka ya njano kwenye majani. Ni virusi, vinasambazwa na utitiri na vinaenda na tawi lenyewe, dawa hamna, na kwenye nyumba ya miche yataambukiza mengine, kwa hiyo tenga mbali. Ukitaka kuvusha matawi mpakani pitia mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, upate kibali, usifiche kwenye begi.

Lebo ndo iliyoniumiza zamani, niliandika kwa maka peni kwenye plastiki, jua likafuta yote ndani ya miezi minne nikabaki na viriba sita nisivyovijua. Siku hizi nakata kopo la soda, naandika kwa kukandamiza msumari, nafunga kwa waya. Ya bibi inasomeka "Lushoto 4", basi, na itabaki namba mpaka izae misimu miwili kwangu. Mwezi uliopita mmoja umetoa vitini vitatu, nimevifunga kwenye vifuko vya chandarua kabla ndege hawajavigundua.