Fahali aliyetoka kuugua homa apumzishwe miezi miwili

Fahali anapopona ndigana au homa nyingine kali, wafugaji wengi humrudisha kwa majike mara tu anapoanza kula vizuri, nami nawasihi wasifanye hivyo. Mbegu za fahali huchukua takriban siku 60 kukomaa ndani ya korodani, ambazo kwa maumbile huning'inia nje ya tumbo ili zipate ubaridi kuliko mwili. Kwa hiyo homa ya leo huharibu mbegu ambazo angezitoa wiki kadhaa baadaye, ingawa kwa macho anaonekana mzima, ngozi inang'aa na hamu ya kupanda imerejea. Majike hupandwa, kisha baada ya siku 21 hivi hurudi kwenye joto, yaani hutaka dume tena kwa kuwa hawakushika mimba, mmoja baada ya mwingine. Hapo jike asiye na kosa husingiziwa utasa na kuuzwa kwa mchinjaji, jambo linaloniuma sana. Andika tarehe ya homa kwenye daftari, mpumzishe fahali miezi miwili tangu hapo, na katika muda huo mwite mtaalamu wa uhimilishaji, anayepandikiza majike mbegu za dume kwa mrija. Kabla ya kumrudisha fahali, mfunge imara na umpapase korodani taratibu: zote mbili zilingane, ziwe ngumu kiasi, na asishtuke kwa maumivu.