Kukitafuta kipokezi cha EP4 kwa kingamwili: usichemshe sampuli

Prostaglandini E2, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwa seli, ina vipokezi vinne, EP1 hadi EP4. Vyote vimefumwa kwenye utando wa seli, vikiupenya mara saba, na ndiyo maana westani bloti ya vipokezi hivi (kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kisha kuisaka moja kwa kingamwili) inasumbua kuliko ya protini za kawaida.

Hatua ya 1. Kabla hujafungua kichupa cha kingamwili, andaa seli za kulinganishia: zilizoingizwa jeni ya EP4, yaani PTGER4, na zilizoingizwa plasmidi tupu (DNA ya kubebea jeni, bila jeni yenyewe). Ukiweza, pata na seli ambazo jeni hiyo imeng'olewa. Mimi niliruka hatua hii. Miezi miwili nikajivunia mstari mmoja mzuri karibu na kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini). Seli zisizo na jeni zilipofika, mstari ulikuwa uleule, tena umekolea zaidi. Kingamwili ilikuwa inashika protini nyingine kabisa.

Hatua ya 2. Soma karatasi ya maelezo ujue kingamwili ilitengenezwa dhidi ya kipande gani. Ile inayoshika mkia wa ndani ya seli inafaa kwa bloti, lakini seli hai isiyotobolewa haitaiingiza. Andika namba ya bechi pia. Kingamwili za sungura za mchanganyiko (poliklonali, aina nyingi kwa pamoja) hubadilika bechi kwa bechi.

Hatua ya 3. Vunja seli juu ya barafu, kwa bafa yenye sabuni na vizuizi vya protease, kisha zungusha kwenye sentrifuji uchukue maji ya juu.

Hatua ya 4. Mkono umezoea nyuzi 95 kwa dakika 5. Uzuie! Vipokezi vya aina hii vikichemshwa hushikamana, vikakwama juu kabisa ya jeli. Pasha nyuzi 37 kwa dakika 30, inatosha.

Hatua ya 5. Mengine ni ya kawaida: jeli ya asilimia 10, mikrogramu 20 hadi 30 za protini, utando wa PVDF (karatasi ya plastiki inayopokea protini kutoka kwenye jeli) uliolowekwa methanoli, maziwa ya unga asilimia 5 kwa saa moja, kingamwili usiku kucha kwa nyuzi 4. Jaribu kuizimua kingamwili 1:500, 1:1000 na 1:2000 kwa pamoja.

Hatua ya 6. EP4 ya binadamu ina amino asidi 488, uzito wa hesabu kama kilodaltoni 53. Usishangae ukiona wingu badala ya mstari, kwani kipokezi hubeba minyororo ya sukari. Tia kimeng'enya PNGase F, kinachokata sukari hizo, kwenye sehemu ya sampuli. Wingu likishuka na kukazana, hiyo ni dalili nzuri. Peptidi ya kuzuia (kile kipande ambacho kingamwili ilitengenezwa dhidi yake) si ushahidi mzito hivyo: mstari ukitoweka, umejua tu kwamba kingamwili inaipenda peptidi hiyo.

Ukibaki na shaka, pima cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli. EP4 ikiguswa na prostaglandini E2 huipandisha. EP2 nayo hufanya hivyohivyo, basi rudia kipimo ukiwa na dawa inayozuia EP4 peke yake.